Nasaba ya Mateka: Ukoo, Ufalme na Ukimya katika Maisha ya Tippu Tip na Kumbukumbu za Ujiji

Ikisiri

Tawasifu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, imesomwa zaidi kama hazina ya habari za misafara, pembe za ndovu na utumwa. Makala hii inaisoma kama matini ya nasaba. Inachambua kisa cha Utetera, ambamo msimulizi anajitambulisha kuwa mjukuu wa mwanamke mateka wa ukoo wa kitawala, na kwa utambulisho huo anakabidhiwa ufalme. Inadaiwa kwamba nasaba hiyo haikutungwa na mtu mmoja. Ilijengwa na waliomsimulia habari, na aliyedai, na aliyekubali, na hatimaye na waandishi na wahariri walioihifadhi. Kisa hicho kinalinganishwa na Habari za Wakilindi, kisha kinawekwa mbele ya hali ya Ujiji, mahali ambapo watu wengi walizaliwa kweli na mateka kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika na hawakuweza kulisema jambo hilo bila kupoteza hadhi. Makala inahitimisha kwa kuonesha maana ya usomaji huu kwa wanaokusanya nasaba za familia katika mwambao wa Kigoma.

1.0 Utangulizi

Katika jamii za Waswahili, mtu hajulikani mpaka ajulikane ni wa nani. Jina lake hufuatwa na la baba, la babu, na mara nyingi nisba ya kabila au mji. Mpangilio huu wa majina ni hoja juu ya haki: ya kurithi, ya kuoa, ya kuketi mahali fulani barazani, ya kuzikwa na watu fulani. Kwa sababu hiyo nasaba haijawahi kuwa orodha tu. Laura Bohannan (1952), akiandika juu ya Wativ wa Nijeria, alionesha kuwa nasaba hufanya kazi kama mkataba: hueleza uhusiano wa watu wa leo kwa lugha ya watu wa jana, na uhusiano wa leo ukibadilika, wa jana nao hupangwa upya. David Henige (1974) aliwatahadharisha wanahistoria juu ya orodha za watawala zilizorefushwa ili ukoo uonekane mkongwe. Maonyo hayo yanafahamika. Lililochunguzwa kwa uchache ni namna matini za Kiswahili zenyewe zinavyoionesha nasaba ikitengenezwa mbele ya macho ya msomaji.

Mwambao wa mashariki wa Ziwa Tanganyika ni mahali pafaapo kuliuliza swali hili. Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi Februari 1858, walikuta mji wa pwani ya ziwa uliokuwa na soko na wafanyabiashara kutoka Mrima, lakini uliokuwa chini ya mamlaka ya Waha, ambao watawala wao waliishi mbali na ufuko. Kwa hiyo palikuwa na nasaba ya kifalme ya wenyeji hata kabla ya wageni kuleta za kwao. Baadaye walikuja Waarabu wenye nisba za Omani, Waswahili wa Bagamoyo na Mbwamaji, Wanyamwezi, na kutoka magharibi ya ziwa Wagoma, Wabwari, Waholoholo, Wabembe na wengine waliojumlishwa katika jina moja la Wamanyema. Mtu anayetafuta mizizi ya familia ya Ujiji leo hulazimika kuvuka lugha, dini na mipaka ya nchi tatu au nne. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mtu mmoja. Hufanywa na wazee wanaokumbuka, vijana wanaoandika, na jamaa walioko Burundi, Kongo, Unguja na Omani, kila mmoja akiwa na kipande chake.

Katika kazi hiyo, Maisha ya Tippu Tip ni miongoni mwa vitabu vinavyofikiwa mapema. Kina majina mengi ya watu na watawala wa pande zote mbili za ziwa, tena kimeandikwa kwa Kiswahili na mtu aliyewajua. Hatari iliyopo ni kukitumia kama daftari la majina bila kuuliza kila jina lilitajwa kwa nani na kwa ajili ya nini. Makala hii inajaribu kuuliza hayo kwa kukitazama kisa kimoja tu.

2.0 Matini na mikono iliyoiunda

Tippu Tip aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa hati ya Kiarabu, baada ya kurejea Unguja kutoka bara na kabla ya kifo chake mwaka 1905. Heinrich Brode, aliyekuwa katika ubalozi mdogo wa Ujerumani huko Unguja, aliigeuza hati hiyo kuwa ya Kilatini, akaitafsiri kwa Kijerumani, na kuichapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. W. H. Whiteley aliitoa upya pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwishoni mwa miaka ya 1950, nayo Alison Smith akaiandikia utangulizi wa kihistoria. Mwaka 1974 François Bontinck alichapisha tafsiri ya Kifaransa yenye maelezo mengi, sehemu kubwa ikiwa ni utambuzi wa watu: nani alikuwa mtoto wa nani, nani alimwoa nani, jina hili katika matini ni la mtawala yupi katika vyanzo vingine.

Historia hiyo ya uchapishaji ina uzito kwa mada hii. Wahariri nao ni washiriki katika ujenzi wa nasaba. Hati ya Kiarabu haioneshi irabu zote za Kiswahili, na kwa majina ya Kiluba au Kitetela aliyeinakili alilazimika kuamua sauti ambazo hakuzisikia. Jina la mtawala wa Urua anayeandikwa Rungu Kabare linahusishwa na Ilunga Kabale wa Waluba. Uhusisho huo ni wa maana sana, lakini ni hoja ya kitaaluma na haumo katika maneno ya msimulizi. Msomaji anayechukua mti wa ukoo kutoka katika tanbihi za mhariri huchukua kazi ya mikono mitatu au minne akidhani amechukua ya mmoja.

Jina la msimulizi nalo ni zao la wengi. Hamed bin Muhammed ni jina la nyumbani, lenye baba ndani yake. Tippu Tip ni jina la bara, ambalo yeye mwenyewe analieleza kuwa lilitokana na mlio wa bunduki zake masikioni mwa watu waliozikimbia. La kwanza linamweka katika mlolongo wa Murjebi, na la pili halina baba wala babu. Katika kisa cha Utetera linaongezwa la tatu: mjukuu aliyerudi.

3.0 Kisa cha Utetera

Njia ya msimulizi kuelekea Utetera inaanzia katika uhaba. Katika safari yake ya awali ya ng'ambo ya ziwa, akiwa kijana aliyefuatana na watu wa baba yake, Ujiji inaonekana kama mahali ambapo pembe ni ghali na faida ni ndogo, na ndiyo sababu ya kuvuka. Hili ni jambo la kuzingatia katika muundo wa kitabu. Kadiri msimulizi anavyoyaacha maeneo anakofahamika yeye na baba yake, ndivyo bei ya pembe inavyoshuka, na ndivyo anavyohitaji namna nyingine ya kufahamika. Tabora baba yake Muhammed bin Juma alikwisha kufungamana na ukoo wa utawala wa Unyanyembe kwa kumwoa Karunde, binti wa Fundikira. Huko ujamaa na watawala ulipatikana kwa ndoa, mbele ya mashahidi. Magharibi ya ziwa hapakuwa na ndoa kama hiyo ya kutegemewa.

Kisa chenyewe kina hatua nne. Kwanza, msimulizi anapata habari kwamba Utetera ina mtawala mzee aitwaye Kasongo Rushie, na kwamba zamani mtawala wa Urua, Rungu Kabare, aliwateka dada zake wawili. Pili, baada ya habari hiyo kumfikia, anadai kuwa babu yake mzaa mama, Habib bin Bushir el Wardi, alipata kufika Urua, akamnunua mwanamke mmoja wa huko, na kwamba mwanamke huyo, bibi yake, alikuwa mmoja wa dada hao. Tatu, habari inamfikia Kasongo. Nne, Kasongo anampokea kama damu yake, anamkabidhi utawala, na pembe za nchi zinaletwa kwa mtawala mpya.

Tangu Brode, wasomaji wamekichukua kisa hiki kama hila, na mpangilio wa matini unawapa haki. Msimulizi hakuificha hatua ya kwanza. Angeweza kuanza na bibi yake, akamfanya msomaji aamini kwamba alifika Utetera akiwa tayari ana habari zake. Badala yake anamruhusu msomaji aone kwamba habari za dada waliotekwa zilimfikia kwanza kutoka kwa wengine, ndipo bibi akapatikana. Msomaji wa Unguja aliyemjua Hamed na jamaa zake wa el Wardi angeielewa ishara hiyo bila kuambiwa zaidi.

Hesabu ya vizazi nayo haikubali. Tippu Tip alizaliwa karibu na mwaka 1840 au kidogo kabla yake. Mama yake basi hangeweza kuzaliwa baada ya miaka ya 1820, na ununuzi unaodaiwa ungelazimika kutangulia hapo. Misafara ya pwani haikuwa na mazoea ya kufika Ziwa Tanganyika kabla ya miaka ya 1830 na 1840, sembuse Urua iliyo mbali zaidi ya ziwa. Isitoshe, ikiwa Rungu Kabare ndiye Ilunga Kabale, utawala wake unakadiriwa na Thomas Reefe (1981) kuwa kati ya miaka ya 1840 na 1870. Mwanamke aliyetekwa na mtawala huyo akiwa kwenye enzi hangeweza kuwa bibi wa mtu aliyezaliwa kabla ya enzi hiyo kuanza au ilipokuwa changa. Hoja hizi mbili hazitegemeani, nazo zinaelekea upande mmoja.

Hata hivyo, kusema kuwa ni hila hakujamaliza uchambuzi. Hila hiyo imejengwa kwa ustadi wa kinasaba unaostahili kutazamwa kwa karibu. Habib bin Bushir el Wardi si jina la kubuni: ni babu halisi wa msimulizi kwa upande wa mama. Mlolongo wa Murjebi haukuguswa, na wa el Wardi haukuguswa pia. Kilichobadilishwa ni nafasi moja tu, ya mke wa babu mzaa mama, na hiyo ndiyo nafasi ambayo nasaba ya Kiarabu huiacha wazi. Mpangilio wa fulani bin fulani bin fulani hauna mahali pa kumweka mama wa mama. Katika sheria ya Kiislamu mtoto wa suria aliyezaliwa na bwana wake ni huru na hufuata nasaba ya baba, na ndivyo walivyokuwa masultani wengi wa Unguja, wana wa Seyyid Said kwa masuria wake. Kwa hiyo kudai bibi aliyekuwa suria hakumshushi msimulizi mbele ya watu wa pwani. Pengo lililoachwa na desturi ya upande mmoja likawa mlango wa kuingilia upande mwingine.

Upande huo wa pili ni wa Kasongo, naye si mjinga wa hadithi. Alikuwa na hasara ya muda mrefu, dada waliochukuliwa na adui mwenye nguvu, na mbele yake amesimama mtu mwenye bunduki nyingi anayesema kwamba hasara ile imerudi na uzao. Kumkubali kulimpa Kasongo mambo matatu kwa pamoja: ndugu aliyepotea, mlinzi dhidi ya jirani zake, na njia ya kukabidhi mamlaka kwa mwenye nguvu bila kuonekana ameshindwa. Bunduki zilikuwa zinaingia kwa vyovyote vile. Nasaba iliamua ziingie kwa jina gani. Mtawala anayempa mjukuu wa dada yake kiti hajapinduliwa. Kwa maana hii, kauli ya Tippu Tip ilikamilishwa na msikilizaji wake, na bila mahitaji ya Kasongo ingebaki maneno ya mpita njia.

4.0 Mgeni na jamaa: ulinganisho na Habari za Wakilindi

Kisa cha mtu wa mbali anayepewa ufalme si kigeni katika fasihi ya Kiswahili. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichohaririwa upya na J. W. T. Allen mwaka 1962, anasimulia habari za Mbegha, mwindaji kutoka Nguu aliyekataliwa na jamaa zake kwa kuwa kigego, akafika Usambara na kuwa mtawala wa kwanza wa ukoo wa Wakilindi. Juu juu visa viwili hivi vinafanana: msafiri mwenye silaha, wenyeji wenye shida, kiti kinachotolewa kwa hiari.

Tofauti iko katika mwelekeo wa nasaba. Mbegha anafika akiwa mgeni, na simulizi haimwonei haya ugeni wake. Anawinda nguruwe wanaoharibu mashamba, anagawa nyama, anapokea vyakula vya shambani, na ujamaa wake na Washambaa unaanza kwa ndoa na kukamilika kwa kuzaliwa kwa Bughe, mtoto wa mama wa Kishambaa. Steven Feierman (1974) ameonesha jinsi mabadilishano hayo yanavyobeba maana ya kisiasa ya simulizi. Ujamaa wa Mbegha uko mbele yake, utazaliwa. Tippu Tip anauweka nyuma yake, ulikwisha kuzaliwa. Mbegha anahitaji muda na watoto, ilhali Tippu Tip anahitaji habari tu.

Tofauti nyingine inahusu wanawake. Katika Habari za Wakilindi wake za Mbegha na za wanawe wana makwao, na wajomba wa watoto wao wanajulikana na wana sauti katika utawala. Katika kisa cha Utetera mwanamke anayebeba nasaba nzima hayupo. Alitekwa, akauzwa, akazaa, na tayari amekwisha kufa msimulizi anapomtaja. Hakuna anayeweza kumuuliza. Uwezo wake wa kuthibitisha ufalme unatokana na kutokuwepo kwake, kwa kuwa angekuwepo angeweza kukanusha.

Wanawake wa aina yake walikuwepo, na mmoja walau alisikilizwa. Bwanikwa, mwanamke wa Kiluba ambaye habari zake ziliandikwa na mmisionari Dugald Campbell na kuchambuliwa na Marcia Wright, alitoka mkono mmoja hadi mwingine mara kumi. Simulizi yake inaonesha kile ambacho kisa cha Utetera hakina nafasi nacho: mauzo yenyewe, moja baada ya lingine, na jitihada za mwanamke kuhesabiwa kuwa mtu wa watu fulani. Zikisomwa pamoja, matini hizi mbili zinatoka katika nchi moja ya Urua na karibu katika zama zilezile. Kwa Bwanikwa kutekwa ni kukatwa kwa nasaba, na kwa Tippu Tip kutekwa kwa mwanamke ni mwanzo wa nasaba.

5.0 Ujiji: nasaba isiyosemeka

Hapa ndipo mwambao wa mashariki unapoiwekea matini hii swali gumu. Nguvu aliyoipata Tippu Tip magharibi ya ziwa ilipitisha watu wengi katika mitumbwi na majahazi hadi Ujiji, ambako mshirika wake Muhammed bin Khalfan el Barwani, aitwaye Rumaliza, aliweka makao yake katika miaka ya 1880. Baadhi ya watu hao walikuwa wachukuzi, askari na wachuuzi waliokuja kwa hiari zao. Wengine walikuwa mateka, na miongoni mwao wanawake walikuwa wengi. Waliobaki Ujiji walizaa, wakasilimu, wakajenga mitaa, na kwa muda wakawa sehemu kubwa ya mji.

Watu hawa walikuwa na kweli ile ambayo Tippu Tip aliidai kwa uongo: bibi aliyechukuliwa kutoka ng'ambo ya ziwa. Yamkini baadhi ya mabibi hao walikuwa wa koo za kitawala, maana vita vya enzi hizo havikubagua nyumba za wakubwa. Lakini kweli hiyo haikumpa mtu ufalme. Katika mji ambao hadhi ilipimwa kwa uungwana, kumtaja bibi mateka kulikuwa kujitaja kuwa mtoto wa mtumwa. Jibu la wengi lilikuwa kuchukua jina pana. Melvin Page (1974) na wengine wamebainisha namna neno waungwana lilivyotumiwa bara na watu ambao pwani wasingeitwa hivyo. Jina la Wamanyema nalo lilifanya kazi ya namna hiyo kwa njia nyingine. Lilitaja upande wa ziwa mtu alikotoka bila kumlazimisha aseme alikuja vipi.

Sheria za kikoloni hazikuuondoa ukimya huo. Utawala wa Wajerumani haukuufuta utumwa moja kwa moja. Ulitoa hati za uhuru kwa mtu mmojammoja na kutangaza kuwa watoto watakaozaliwa baada ya mwisho wa mwaka 1905 watakuwa huru, kama anavyoeleza Jan-Georg Deutsch (2006). Ni mwaka 1922, chini ya Waingereza, ndipo utumwa ulipopigwa marufuku kisheria Tanganyika. Sheria iliweza kuondoa hali ya utumwa, lakini haikuweza kuondoa swali la barazani. Pengine iliongeza sababu za kutolijibu, kwa kuwa aliyekwisha kuwa huru hakuona faida ya kusimulia alivyokuwa kabla ya kuwa huru.

Ukimya huo haumaanishi kwamba kumbukumbu zilipotea. Kazi ya Sheryl McCurdy juu ya wanawake wa Kimanyema wa Ujiji inaonesha kwamba utambulisho wa Kimanyema ulijengwa kwa kiasi kikubwa na wanawake wenyewe. Huu ni ushahidi muhimu kwa fani ya nasaba. Mlolongo wa bin na binti, unaofuata wanaume, ulivunjika au ulifunikwa pale palipokuwa na mateka. Kumbukumbu iliyodumu ilipita kwa kina mama, ambako mtafiti anayeuliza jina la babu hafiki.

Inafaa basi kurudi kwa Tippu Tip kwa jicho la Ujiji. Kilichomwezesha kudai bibi mateka bila kuaibika si ujasiri tu. Alikuwa na baba anayejulikana, nisba mbili za Kiarabu, na watu wenye bunduki. Aibu ya utumwa haikuwa katika damu ya mwanamke, ilikuwa katika kukosa mwanaume wa kuifunika. Mwenye majina ya kutosha angeweza kuongeza mateka katika ukoo wake kama pambo. Asiye nayo alilazimika kumwondoa mateka katika ukoo wake ili aonekane mtu. Matini moja na mji mmoja vinafunua kanuni ileile kutoka pande mbili.

6.0 Kutoka matini hadi ukusanyaji wa nasaba

Usomaji huu una matokeo kwa wanaokusanya nasaba za familia leo, iwe ni wanafunzi wa fasihi simulizi, wanahistoria au wanaukoo wenyewe. La kwanza linahusu hadhi ya vyanzo. Kisa cha Utetera hakiwezi kutumiwa kumuunganisha mtu yeyote na Kasongo Rushie kwa damu. Kinaweza kutumiwa kuonesha kwamba Kasongo aliukubali uhusiano huo na kwamba mamlaka yalijengwa juu yake. Hayo ni mambo mawili, na mti wa ukoo unapaswa kuyatofautisha. Uzao wa kukubaliwa una historia yake halali, mradi uandikwe kwa jina lake.

La pili linahusu tofauti za simulizi. Kazi ya pamoja huwa na mwelekeo wa kutafuta jibu moja: jamaa watatu wakitoa majina matatu ya bibi mmoja, mkusanyaji huchagua moja na kuyafuta mawili. Uchambuzi wa hapo juu unaonesha hasara ya kufanya hivyo. Laiti Tippu Tip angeifuta hatua ya kwanza ya kisa chake, ya kupata habari za dada waliotekwa kabla ya kutaja bibi, msomaji asingekuwa na njia ya ndani ya matini ya kukipima. Mshono unaoonekana ndio ushahidi. Majina matatu yaandikwe yote, pamoja na nani aliyasema, mbele ya nani, na lini.

La tatu linahusu orodha za watawala. Falme za Waha, kama Heru, Buyungu na Muhambwe, zilikuwa na mamwami hadi serikali ya Tanganyika huru ilipoondoa mamlaka ya machifu mwaka 1963. Tangu hapo uzao wa mwami hauleti kiti, lakini bado unaleta heshima, na kwa hiyo sababu ya kuudai haijaisha. Ukoo unaojiunga na nyumba ya mwami kupitia kwa bibi asiye na kaburi linalojulikana wala wajomba wanaotajika unastahili kuulizwa maswali yaleyale ambayo Kasongo hakuuliza.

La nne ni la maadili, na ndilo zito zaidi. Kinachofichwa katika nasaba ya Ujiji si kosa la kusahihishwa. Familia iliyosema kwa miaka mia kwamba bibi yao alikuja na wafanyabiashara inaweza kuwa inajua vyema alivyokuja. Mtafiti anayelitangaza jambo hilo kwa jina la ukweli anarudia, kwa namna nyingine, tendo la kumchukua mwanamke huyo bila ridhaa ya watu wake. Njia ya kati ipo. Nafasi ya bibi iachwe wazi katika mti lakini isifutwe, na iandikwe kwamba hapo alikuwepo mtu. Wazao wataijaza watakapoamua wenyewe.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeisoma tawasifu ya Tippu Tip kama ushahidi wa jinsi nasaba inavyofanywa na wengi. Waliomsimulia habari walitoa malighafi, yeye akaunganisha, Kasongo akakamilisha, na wahariri kutoka Brode hadi Bontinck wakaipa sura ya maandishi. Ulinganisho na Habari za Wakilindi umeonesha kwamba msafiri aweza kuutafuta ujamaa mbele yake kwa ndoa au nyuma yake kwa dai, na kwamba njia ya pili huegemea mwanamke asiyeweza kusema. Hali ya Ujiji imeonesha gharama ya njia hiyo: bibi mateka aliyekuwa ngazi ya ufalme kwa mtu mmoja alikuwa siri ya nyumba kwa maelfu.

Uhakiki wa tawasifu za Kiswahili umejishughulisha sana na swali la iwapo msimulizi anasema kweli. Kwa matini za nasaba swali hilo halitoshi. Linahitaji jirani yake: ni nani katika mji huohuo aliyekuwa na kweli hiyohiyo na hakuweza kuisema. Majibu yake hayamo katika Maisha ya Tippu Tip. Yamo katika nyumba za mwambao wa ziwa, mengi yao kwa kina bibi, na kazi ya kuyakusanya bado ni changa.